Kura ya Raia Isikwamie Afisini kwa Chifu

Mjadala kuhusu uchaguzi nchini Kenya huanza kuchelewa. Tunabishana kuhusu KIEMS, mitambo ya kuwatambua wapiga kura, kuhusu seva, kuhusu Fomu 34A za matokeo ya vituo na nani alizijaza, kuhusu makamishna wa tume ya uchaguzi, IEBC, na nani aliwateua. Hayo ni mambo mazito, na Mahakama ya Juu ilithibitisha uzito wake ilipobatilisha uchaguzi wa urais Septemba 1, 2017. Lakini wapo Wakenya ambao suala lao huwa limekwisha kuamuliwa miaka mingi kabla ya siku ya kura, mbele ya chifu na kamati ya wazee, siku walipoomba kitambulisho cha kitaifa wakaambiwa warudi wiki ijayo, kisha mwezi ujao, kisha walete kitambulisho cha babu. Watu hawa hawahesabiwi miongoni mwa waliojitokeza kupiga kura wala miongoni mwa waliosusia, kwa kuwa majina yao hayamo katika sajili. Hoja yangu ni kwamba sheria inayomtaka mpiga kura awe na kitambulisho ni ya haki pale tu serikali inapobeba mzigo wa kukifikisha mikononi mwa kila raia, bila kujali kabila lake, dini yake wala umbali wake na mpaka. Maadamu mzigo huo haujabebwa, IEBC ipewe ruhusa ya kisheria ya kumtambua raia kwa njia nyingine.

Wengi hudhani Katiba ndiyo inayodai kitambulisho. Sivyo. Kifungu cha 38 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia mtu mzima haki ya kusajiliwa na kupiga kura bila vikwazo visivyo na msingi. Kifungu cha 83 kinataja masharti machache tu: awe raia mtu mzima, awe na akili timamu, na asiwe amepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia. Kitambulisho hakimo. Tena kifungu hicho hicho, katika sehemu yake ya tatu, kinaagiza kwamba mipango ya usajili na ya uchaguzi iundwe kwa namna ya kumrahisishia raia anayestahili, wala isimnyime haki yake. Kitambulisho kinaingia kupitia Sheria ya Uchaguzi ya 2011, ambayo katika Sehemu ya 5 inataka umri wa mwombaji uthibitishwe kwa kitambulisho cha kitaifa au pasipoti ya Kenya. Ni stakabadhi hizo mbili tu. Cheti cha kuzaliwa hakitoshi. Leseni ya udereva haitoshi. Hata ile karatasi anayopewa mtu akishachukuliwa alama za vidole, akae nayo akisubiri kadi itoke Nairobi, nayo haitoshi. Pasipoti ni ya wachache, na mtu mzima anayeiomba huulizwa kwanza kitambulisho, kwa hiyo kwa mwananchi wa kawaida njia ni hiyo moja.

Athari ya mpangilio huu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katiba iliiweka IEBC mbali na serikali kuu kwa makusudi, baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa 2007. Lakini karani wa IEBC anayefungua mashine yake katika ukumbi wa shule ya msingi hana uwezo wa kumsajili mtu ambaye Idara ya Usajili wa Watu haijamtambua, na idara hiyo iko chini ya wizara ya usalama wa ndani, wizara ile ile ya machifu, manaibu wao na makamishna wa kaunti. Waziri wake huteuliwa na Rais, na Rais aghalabu ni mgombea au ana mgombea wake. Sisemi kwamba kila chifu hutumwa na chama. Machifu wengi hufanya kazi ngumu kwa mshahara mdogo, tena katika maeneo ambako wao ndio serikali pekee inayoonekana. Nasema kwamba muundo wenyewe umeuacha uamuzi wa nani ataingia katika sajili mikononi mwa mamlaka ambayo Katiba ilitaka yakae kando ya uchaguzi. Tume inaweza kuhesabu kura kwa uadilifu wote. Kama waliofika kwake wameshachujwa na wengine, uadilifu huo hauwafai waliobaki nje.

Historia inaeleza kwa nini tumefika hapa. Kitambulisho cha Kenya hakikuanza kama haki ya raia. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimika kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Lengo lilikuwa kumdhibiti kibarua asitoroke shamba la mlowezi. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande pamoja na kodi, na alipokamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walimiminiwa risasi. Sheria ya Usajili wa Watu tunayoitumia leo, Sura ya 107, ina mizizi yake katika sheria ya mkoloni ya 1947, na wanawake hawakuanza kusajiliwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi imekwisha kuwa huru kwa zaidi ya muongo mmoja. Sheria imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Jambo moja halijabadilika vya kutosha: anayeomba kitambulisho huanza akiwa mshukiwa, na ni juu yake kujisafisha.

Mazoea hayo huonekana waziwazi ukiwaweka pamoja vijana wawili walioomba kitambulisho kabla ya 2025, wote wamezaliwa Kenya, wote wametimiza miaka 18. Wa kwanza ametoka kaunti ya katikati ya nchi, na jina lake halimtii mtu shaka. Anakwenda kwa chifu na cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, anapewa barua, anachukuliwa alama za vidole, anasubiri kadi. Wa pili ni Mnubi wa Kibra, au Msomali wa Garissa, au Mswahili wa Mombasa mwenye jina la Kiarabu. Anapeleka karatasi zile zile, kisha anaambiwa lazima apigwe msasa. Kamati ya msasa huwa na wazee, chifu na maafisa wa usalama, na haiketi kila siku. Kuna mahali imekuwa ikiketi mara moja kwa miezi kadhaa. Siku ikifika, kijana huulizwa ukoo wake na kijukoo chake, huulizwa mzee wa mtaa ni nani, hudaiwa kitambulisho cha babu au bibi, hati ya shamba, cheti cha shule, pengine na kiapo kilichosainiwa na wakili. Babu aliyezaliwa kabla ya uhuru, akafa bila kadi, anageuka kosa la mjukuu. Na akikataliwa, mara nyingi hapewi barua inayoeleza sababu, kwa hiyo hana cha kukatia rufaa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilichunguza mambo haya na kutoa ripoti yake tangu 2007. Palipo na mlango mmoja na foleni ndefu, mkono mtupu haulambwi, na asiye na cha kutoa hurudi nyumbani.

Watu wa aina ya kijana wa pili si wachache, wala habari zao si uvumi. Wanubi waliletwa na Waingereza kutoka Sudan kama wanajeshi, wakaishi Kibra, Nairobi, kwa zaidi ya karne moja. Mwaka wa 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wao kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia, na miaka michache baadaye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu nayo ikaona ubaguzi katika namna wanavyopewa vitambulisho. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walivuka kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walilazimika kufunga safari hadi Nairobi mnamo Oktoba 2016 kudai kutambuliwa. Kwa wengi wao uchaguzi wa 2017 ulikuwa wa kwanza maishani, wakiwamo wazee wenye mvi. Washona, waliokuja kama wahubiri kutoka nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, walipewa uraia 2021. Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi wanaozungumza Kiswahili kama majirani zao wote, walisubiri hadi 2023. Mtu anaweza kusema kwamba hawa hawakuwa raia, basi hawakunyimwa kura. Lakini Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilikwisha kufungua njia kwa watu wasio na nchi walioishi hapa tangu uhuru. Haki ilikuwapo katika karatasi. Aliyekosekana ni afisa wa kuitekeleza.

Kaskazini kuna kisa kinachouma zaidi, kwa kuwa wanaohusika ni Wakenya wasio na shaka yoyote. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukame ulikuwa umewamalizia mifugo wafugaji wa Garissa na maeneo jirani. Kambini kulikuwa na chakula, matibabu na shule. Familia za Kikenya zilijiandikisha kama wakimbizi ili watoto wasife njaa, nyingine zikiwaandikisha watoto wadogo wasiojua lolote. Watoto hao walipokua na kwenda kuomba kitambulisho, alama za vidole zikalingana na za daftari la wakimbizi, na ombi likakwama hapo hapo. Wanaokadiriwa kuwa takriban 40,000 wamejikuta katika hali hiyo. Serikali imewahi kuunda kamati za kuwachunguza na kuwatoa katika daftari hilo, na baadhi wametolewa, lakini kwa mwendo wa kobe. Mtu amefikisha miaka 30, ana watoto, hawezi kufungua akaunti ya benki, hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na ya kura ndiyo hata haitaji, kwa kuwa amezoea kwamba si yake.

Pingamizi kubwa linalotolewa ni usalama. Kenya ina mpaka mrefu na Somalia, imeshambuliwa na Al-Shabaab, na mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa ya Aprili 2015 hayajasahaulika. Wanaotetea msasa husema kwamba ukilegeza kitambulisho, wageni watavuka kuja kupiga kura, na wengine watakuja na nia mbaya zaidi. Hofu hiyo si ya kubezwa. Lakini tutenganishe mambo mawili. Kadi ya kitambulisho inafungua mambo mengi, kuanzia ardhi hadi pasipoti, na dola ina haki ya kuwa makini inapoitoa. Kuingia katika sajili ya wapiga kura ni jambo finyu zaidi: humpa mtu karatasi za kura katika kituo kimoja, mara moja kwa miaka mitano, mbele ya mawakala wa vyama vyote na majirani wanaomjua. Haki hiyo finyu inaweza kuthibitishwa kwa njia zake zenyewe bila kugusa pasipoti ya mtu yeyote. Zaidi ya hayo, msasa wa miongo mitatu umeonyesha udhaifu wake wenyewe. Ulianza kwa nguvu 1989, Wasomali wa Kenya walipoamriwa wote wajitokeze wathibitishwe upya, na kila ulipozidi kuwa mgumu kwa mkweli, ulizidi kuwa biashara kwa afisa mlaji rushwa. Gaidi mwenye fedha hakai foleni kusubiri kamati ya wazee. Anayekaa foleni ni mwanafunzi.

Na tuangalie ushahidi wa uchaguzi wenyewe, maana sheria hupaswa kutibu ugonjwa uliopo. Tume ya Jaji Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007, ilikuta sajili yenye majina ya wafu wapatao milioni 1.2, huku karibu theluthi moja ya waliostahili wakiwa hawamo, hasa wanawake na vijana. Ilikuta pia dalili za watu kupigiwa kura na wengine. Mtu anaweza kuishika sentensi hiyo ya mwisho na kusema, mnaona, kadi zinahitajika. Lakini mwaka huo mpiga kura alitakiwa kubeba kitambulisho na juu yake kadi ya mpiga kura! Stakabadhi mbili hazikuzuia kitu, kwa sababu waliopaswa kuzikagua walikuwa wamefumba macho, na kura za wafu zilitumbukizwa na walio hai waliokuwa ndani ya kituo. Mwaka wa 2017 ukaguzi wa kampuni ya KPMG ulikadiria tena kwamba sajili ilikuwa na wafu zaidi ya milioni moja. Hao nao waliwahi kusajiliwa kwa kitambulisho au pasipoti. Na uchaguzi wa mwaka huo ulipobatilishwa, majaji walio wengi hawakutaja mgeni aliyevuka mpaka. Walitaja kasoro za upeperushaji wa matokeo na tume iliyoshindwa kufungua seva zake ikaguliwe. Tumeweka walinzi wengi katika mlango ambao mwizi hapiti.

Kuna swali jingine ambalo sijasikia likijibiwa vizuri. Tangu 2012 IEBC huchukua alama za vidole na picha ya kila anayesajiliwa. Siku ya kura, mpiga kura huweka kidole juu ya KIEMS, na jina lake na picha yake hujitokeza kwenye kioo, mbele ya karani na mawakala. Hata hivyo kanuni zinamtaka aje na stakabadhi ile ile aliyoitumia kujisajili. Mama aliyeibiwa mkoba wiki moja kabla ya uchaguzi, ambaye kidole chake kinatambuliwa na mashine na sura yake inafanana na picha, anaweza kurudishwa nyumbani kwa kukosa kipande cha plastiki ambacho ni rahisi kukighushi kuliko kidole chake. Tumetumia mabilioni ya shilingi kununua mashine za kumtambua mtu kwa mwili wake, kisha tukimtambua tunamwambia hatumjui. Mashine zikigoma, kama zilivyogoma katika sehemu za Kakamega na Makueni mwaka wa 2022, hapo ndipo kitambulisho na sajili iliyochapishwa vina kazi, na vibaki kwa kazi hiyo.

Wapo watakaosema kwamba nakuza jambo dogo, kwamba vijana wa Kenya hawapigi kura kwa sababu hawataki, si kwa sababu hawana kadi. Kuna ukweli ndani yake, na sitaukwepa. Oktoba 2021 IEBC ilienda mashinani kutafuta wapiga kura wapya milioni 6 ikapata takriban milioni 1.5. Katika sajili ya 2022 yenye watu milioni 22.1, wenye umri wa miaka 18 hadi 34 walikuwa karibu asilimia 40 tu, chini ya kiwango cha 2017. Na katika afisi za usajili kote nchini kumekuwa na mamia ya maelfu ya vitambulisho vilivyokwisha kuchapishwa ambavyo wenyewe hawajaenda kuvichukua. Kukata tamaa kupo. Lakini kukata tamaa nako hakutoki hewani. Novemba 2023 serikali ilitangaza kwamba kitambulisho cha kwanza kingelipiwa shilingi 1,000 na cha kubadilisha kilichopotea kingepanda kutoka shilingi 100 hadi 2,000; wananchi walipopiga kelele, viwango vikashuka hadi 300 na 1,000, na baadaye ada ya kadi ya kwanza ikaondolewa. Novemba hiyo hiyo ya 2023 kadi mpya ya Maisha ilizinduliwa, mahakama ikaisimamisha, na maombi yakarundikana bila kadi kutoka. Kijana aliyesafiri mara tatu kutoka kijijini kwa nauli ya mama yake, akaambulia patupu kila mara, hatimaye huacha kwenda. Tusimhesabu kuwa mvivu. Wala hakuna kanuni ya haki inayosema kwamba kwa kuwa wengine hawaitumii, anayeitaka anyimwe.

Nchi nyingine zimekabili jambo hili, na si zote zimelitatua kwa namna moja. Afrika Kusini hudai kitambulisho cha kitaifa kama sisi, na 1999 Mahakama yake ya Katiba ilikubali, kwa wingi wa majaji, kwamba Bunge lina uwezo wa kudai kitambulisho chenye msimbo pau. Jaji Kate O'Regan alipinga, akizingatia mamilioni ya watu ambao wakati ule hawakuwa nacho. Lakini nchi hiyo inakubali hati ya muda ya utambulisho, inayotolewa mtu anaposubiri kadi yake, kwa usajili na kwa kupiga kura. Hiyo ndiyo karatasi ambayo huku kwetu haina thamani mbele ya karani wa uchaguzi. Ghana ilipoandikisha upya wapiga kura 2020 iliacha mlango kwa wasio na Ghana Card wala pasipoti: wapiga kura wawili waliokwisha kusajiliwa waliweza kumdhamini mtu. Tanzania Bara haikuwataka watu wawe na kitambulisho cha taifa ndipo waandikishwe. Tume yenyewe huwapa kadi ya mpiga kura, na katika uchaguzi wa 2020 aliyeipoteza aliruhusiwa kutumia pasipoti, leseni ya udereva au kitambulisho cha taifa ilimradi majina yalingane. Zanzibar, kwa upande mwingine, iliufunga uandikishaji kwa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na 2009 uandikishaji ulikwama Pemba kwa sababu watu wengi walilalamika kwamba masheha na maafisa waliwanyima kitambulisho hicho. Uingereza nayo ilipoanza kudai kitambulisho chenye picha katika uchaguzi wa mitaa wa Mei 2023, ikikubali aina nyingi za kadi na kutoa cheti cha bure kwa asiye nacho, bado watu wapatao 14,000 waliofika vituoni walirudi bila kupiga kura. Kama hayo yalitokea katika nchi yenye barabara na posta inayofika kila nyumba, sembuse Mandera na Turkana.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kukomesha msasa kwa jamii za kaunti za mpakani, ili waombe vitambulisho kama Wakenya wengine. Hatua hiyo ilikuwa ya haki na ilichelewa kwa miongo. Papo hapo wanasiasa wa maeneo mengine wakalalama kwamba anatafuta kura za 2027. Lalama hizo zina kasoro mbili. Kwanza, kama mtu ni raia, kura yake ni yake hata akimpigia aliyemwondolea kikwazo. Hatupimi haki ya mtu kwa kutabiri atamchagua nani. Pili, waliolalama walipaswa kuuliza swali gumu zaidi, yaani kwa nini jambo zito hivi lilitegemea tangazo la Rais. Kilichotolewa kwa tangazo kinaweza kuondolewa kwa tangazo, na mrithi wake akiona kaskazini haimpigii kura anaweza kurudisha kamati zile kwa barua moja ya wizara. Anayechelea hila ya kisiasa katika tangazo hilo anapaswa kuwa wa kwanza kudai sheria ipitishwe, kwa kuwa sheria haina mgombea.

Sheria yenyewe si ngumu kuiandika. Sehemu ya 5 ya Sheria ya Uchaguzi irekebishwe ili mtu aliyekwisha kuchukuliwa alama za vidole na Idara ya Usajili asajiliwe kuwa mpiga kura kwa karatasi yake ya kusubiri pamoja na cheti cha kuzaliwa. Asiye na hata hiyo, kwa sababu ombi lake limekwama katika msasa au katika daftari la wakimbizi, adhaminiwe kwa kiapo na wapiga kura wawili wa kituo chake, na atakayedhamini kwa uongo ashtakiwe kwa kosa la uchaguzi. Watakaosema karatasi inaweza kughushiwa wakumbuke kwamba alama za vidole za mwombaji zitachukuliwa na IEBC pia na kulinganishwa, na kwamba sajili hufunguliwa ikaguliwe na umma kabla ya uchaguzi, ambapo yeyote anaweza kupinga jina asilolikubali na mhusika akasikilizwa. Siku ya kura, kidole kikitambuliwa kitoshe. Nayo Sheria ya Usajili wa Watu iweke siku maalumu ambazo ombi la kitambulisho lazima liwe limejibiwa, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi anayoweza kuipeleka mahakamani. Serikali ikishindwa kujibu ndani ya muda huo, gharama ya kushindwa iwe yake, isiwe ya raia.

IEBC ilirejesha usajili endelevu wa wapiga kura Septemba 29, 2025 ikilenga wapya milioni 6.3, na uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Bila marekebisho haya, makarani wake watazunguka Garissa, Kibra, Kwale na Kilifi wakiwarudisha watu wale wale waliorudishwa 2022. Wabunge wa pande zote mbili wanajua majina ya watu hao, maana huwaona kwenye misiba na harusi za maeneo bunge yao. Mswada wa kurekebisha Sehemu ya 5 hauhitaji zaidi ya ukurasa mmoja. Wauwasilishe sasa, kabla sajili haijafungwa.